Kabla hujakwangua, geuza ganda utazame mgongo wake

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi ya boti, hasa nyie mnaotokea kwenye mageti na matenki ya maji kama nilivyotokea mimi, naomba mnisikilize kidogo. Watu wakisikia fundi wa boti anakaa Dodoma wanashangaa, Dodoma kuna bahari gani, lakini mabwawa yapo, Mtera lipo, Hombolo lipo, na boti za chuma na za faiba na za aluminiamu zinaletwa huku mjini zinatengenezwa alafu zinarudi majini, zikiharibika zinarudi tena kwetu na kesi yote inaangukia kwenye rangi. "Fundi ulinipakia rangi feki," ndo neno la kwanza la mwenye boti. Kwa miaka niliyofanya hii kazi rangi yenyewe kuwa mbovu nimekuta mara chache sana, mara nyingi rangi ilikuwa nzima kabisa, shida ni kilichobaki chini yake au kilichofanyika ile siku inapakwa.

Iliyonifundisha ni boti moja ya chuma, mita saba, pleti ya mm 4, tuliitengeneza kwenye gereji moja Kizota kwa ajili ya mzee mmoja ananunua samaki Mtera. Tulipiga grinda, tukapiga brashi ya waya, tukaiosha yote kwa maji ya kisima cha pale pale uani, tukaiacha jua liikaushe, praima ya epoksi, ile rangi ya chini inayochanganywa na hadina ili ikaze, mikono miwili, rangi ya juu, ikang'aa mpaka wapita njia wanasimama. Miezi minne mzee akapiga simu, "kijana wangu, boti imeota malengelenge kama mtu aliyemwagikiwa uji wa moto." Tulipoivuta nchi kavu ni kweli, kuanzia mstari wa maji kushuka chini kote malengelenge, mengine kama punje ya mtama mengine kama sarafu. Sisi tukafanya ambacho kila fundi wa mageti angefanya, tukairudisha Dodoma, tukakwangua yote, tukaosha kwa maji yale yale, tukapaka upya kwa gharama yetu. Ikarudia.

Mara ya pili alikuwepo fundi mmoja mtu mzima aliyefanya kazi miaka mingi kwenye meli za Mwanza, akatunyang'anya vikwanguo. Akachukua bomba la sindano akatoboa malengelenge kama kumi hivi, akavuta maji yaliyokuwa ndani, akayachanganya na maji kidogo ya betri, yale safi yasiyo na asidi, akachovya kile kipimo cha TDS, kinachoonyesha chumvi iliyoyeyuka kwenye maji, wanachotembea nacho watu wanaouza filta za maji. Alafu akapima maji ya betri peke yake, akapima na maji ya bwawa. Ya kwenye malengelenge yalipanda mbali sana. Akauliza swali moja tu, "boti mliioshea maji gani?" Nikaelewa palepale. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi, kila mtu anayechemsha chai huku anaujua ule weupe unaoganda kwenye sufuria, sasa sisi tuliosha chuma kwa maji hayo, jua likakausha maji, chumvi ikabaki imelala juu ya chuma, tukaifunika na epoksi.

Hapa ndo pa kuelewa vizuri. Rangi sio karatasi ya nailoni, maji yanapenya polepole sana hata kwenye rangi nzuri. Yakipenya yakakuta chumvi chini yake, chumvi inayavuta mengine na mengine, presha inajaa, rangi inanyanyuka. Na kitu ambacho wengi wanakosea, wanadhani maji baridi ya bwawa hayana madhara kama ya bahari, kumbe kwa malengelenge ya aina hii maji baridi ni mabaya zaidi kwa sababu tofauti kati ya nje na ile chumvi iliyofungiwa ndani ni kubwa, kwa hiyo mvuto unakuwa mkali. Boti hiyo hiyo ingewekwa Bagamoyo ingechelewa kuota.

Ndo maana siku hizi kijana akija kwangu namkataza kikwanguo siku ya kwanza. Nampa kisu kidogo, sindano, tochi na lenzi. Toboa lengelenge, kagua maji yake, alafu ng'oa ganda la rangi lilipoachia na uligeuze, mgongo wa ganda ndo unaongea, uso wake wa nje hauna habari. Ukikuta mgongo una unga wa kutu ya kahawia, kuna mtu alipaka juu ya kutu akidhani redoksaidi, ile praima nyekundu, itaimeza. Ukikuta mgongo umebeba kitu cheusi cha bluubluu kigumu kinachong'aa, hiyo ni ile ngozi inayokuja na pleti mpya kutoka kiwandani, fundi aliona chuma kipya kisafi akapaka juu yake, na ile ngozi siku moja lazima iachie chuma ibebe na rangi yako yote. Pleti mpya inadanganya kuliko pleti ya zamani, nawaambia ukweli. Ukiweza kuipiga mchanga ipige, ukishindwa basi grinda mpaka uone chuma cheupe kila sehemu, uwe na subira.

Kama mgongo wa ganda ni rangi safi na chini yake umebaki mkono mwingine wa rangi safi, hakuna kutu popote, basi chuma hakina kosa, mikono miwili ya rangi ndo imekataana. Hii huku kwetu ina sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni pesa, mteja analipa awamu ya kwanza mnapiga praima, awamu ya pili inachelewa wiki tatu, epoksi inakomaa inakuwa kama kioo, alafu pesa inaingia asubuhi mchana mnapaka juu bila msasa. Kila epoksi ina muda wake wa kurudia mkono, ukipita huo muda lazima upige msasa, hakuna ujanja. Ya pili ni baridi ya mwezi wa sita na wa saba, epoksi ikikaukia kwenye baridi na unyevu inatoa kama utelezi wa nta juu, ukipitisha kidole unausikia, huo utelezi unaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kabla ya msasa, ukianza na msasa unausambaza tu. Na vumbi letu la Dodoma nalo lihesabuni, upepo wa mchana ukishaanza funga makopo, kazi ya rangi ni asubuhi. Ila asubuhi nayo isiwe mapema mno, kando ya bwawa chuma kinalala kinapoa kuliko hewa na umande unakaa juu yake bila kuuona, kwa hiyo chuma kiwe na joto angalau nyuzi 3 juu ya lile joto ambalo umande unaanza kutokea. Kama huna kifaa, futa sehemu kwa kitambaa kibichi utazame, isipokauka ndani ya dakika chache subiri.

Mpangilio wa uharibifu nao ni ushahidi, rudi nyuma hatua kumi uitazame boti nzima. Rangi imeungua kwa mistari, mistari inafuatana na fremu za ndani? Kuna mtu alichomelea kitu kwa ndani baada ya boti kupakwa nje, joto la waya wa kuchomelea likaua rangi ya upande wa pili. Kutu imeanzia kwenye kona na kingo na kwenye mishono ya kuchomelea? Rangi ikiwa mbichi inakimbia kingo kali, inabaki nyembamba pale, kwa hiyo kingo zinatakiwa ziviringishwe na grinda, matone ya kuchomelea yatolewe, alafu kona zote na mishono ipakwe kwanza kwa brashi ya mkono kabla ya kupiga boti nzima kwa spreya. Kutu imekaa mkanda mmoja kwenye mstari wa maji? Pale chuma kinaloa kinakauka, kinaloa kinakauka, na oksijeni ipo ya kutosha, ndo sehemu inayoteseka kuliko zote. Rangi ni laini boti nzima, ukucha unaingia? Futa kwa kitambaa chenye tina, kama rangi ya epoksi ya zaidi ya wiki inatoka na kitambaa basi hadina ilipunjwa au haikukorogwa vizuri, hiyo haitibiki, inatolewa yote.

Mtera maji yanapanda na kushuka sana kwa msimu, bwawa likiwa limejaa ni mita 698.5 juu ya usawa wa bahari na kwa kuzalisha umeme linaweza kushushwa mpaka 690, kwa hiyo kiangazi boti nyingi zinabaki zimekalia tope. Usidhani boti kwenye tope imepumzika. Chini ya tope hewa haifiki, na chuma kilichofunikwa kikiwa jirani na chuma kinachopata hewa, kile kilichonyimwa hewa ndo kinaliwa. Pia kuna bakteria wanaoishi sehemu zisizo na hewa, dalili yake ni uchafu mweusi unaonuka kama yai viza na chini yake kishimo cha mviringo kinachong'aa. Ukiikuta hiyo usipake puti juu, safisha mpaka mwisho wa kishimo, pima unene uliobaki.

Kuna kutu nyingine sio ya rangi kabisa na hii naomba muiogope. Nililetewa boti ya doria ya chuma, kwa nje ina vishimo visafi, vinang'aa kama vimetobolewa na drili, na uharibifu wote ulikuwa wa miezi michache tu. Kutu ya kawaida haina kasi hiyo. Nikaingia ndani, kwenye ngama, kule chini maji machafu yanapokusanyika, nikakuta waya wa pampu umeungwa kwa kusokota na kufungwa tepu, kiungo kinaogelea kwenye maji. Umeme wa betri ulikuwa unavuja kupitia bodi ya boti kwenda majini, na kila sehemu unapotokea kwenda majini unaondoka na chuma. Kipimo chake ni rahisi, zima kila kitu, chomoa waya wa chanya kwenye betri, weka multimita kwenye ampia kati ya nguzo ya betri na ule waya. Kila kitu kimezimwa na bado sindano inasoma, kuna mahali panavuja, fuata waya mmoja mmoja mpaka uupate. Ungeipaka ile boti rangi ya bei yoyote duniani ingetoboka tena.

Kuhusu vipande vya zinki vinavyofungwa chini ya boti ili viliwe badala ya chuma, vinakuja huku kutoka Dar vikiwa vimetengenezwa kwa ajili ya bahari. Mwenye boti atakuonyesha kwa furaha, "ona fundi, mwaka wa pili bado kizima." Mdogo wangu, kizima maana yake hakifanyi kazi. Kwenye maji baridi zinki inajifunika gamba jeupe inanyamaza, kwenye mabwawa inayofaa zaidi ni magnesiamu. Hakikisha pia kimeshikana na chuma kitupu, multimita isome chini ya omu moja kati yake na bodi, na msikipake rangi jamani, nimekuta vimepakwa rangi vizuri kabisa kufanana na boti.

Aluminiamu ina sheria yake. Pwani mababu walipaka deheni chini ya vyombo vya mbao, chokaa na mafuta, siku hizi kuna rangi za kuzuia viumbe visishike na nyingi zina shaba. Mtu akiitoa Dar hiyo rangi nyekundu ya shaba akaipaka kwenye boti ya aluminiamu amezikutanisha metali mbili zisizopatana ndani ya maji na aluminiamu ndo inaliwa, utaona malengelenge yenye unga mweupe ndani na vishimo chini. Mtera hakuna hata wale wanaong'ang'ania chini ya boti kama baharini, kuna utelezi wa kijani tu unatoka kwa brashi, kwa hiyo hiyo rangi haikuhitajika. Ukilazimika kuikwangua vaa barakoa ya vumbi, sio kitambaa, ile ni sumu. Boti za faiba zenyewe ukitoboa lengelenge ukapata maji ya kunata yenye harufu ya siki, shida imeshaingia kwenye faiba yenyewe, mwambie mwenye boti ukweli kwamba inahitaji kufunguliwa na kukaushwa muda mrefu, ikiwezekana miezi, na kiangazi cha Dodoma kwa hilo kinatusaidia sana.

Ile boti ya mzee tuliipaka mara ya tatu. Tuliivua mpaka chuma kitupu, tukaosha kwa maji ya mvua tuliyokinga kwenye simtanki, tukasugua, tukaosha tena, alafu tukafuta sehemu sehemu kwa pamba yenye maji ya betri, tukaikamulia kwenye kikombe na kupima TDS, sehemu ikipanda inarudiwa kuoshwa. Sehemu ya nyuma karibu na mashine tuliirudia mara nne. Tulitumia siku tano kuosha na siku mbili tu kupaka, na mzee alikaa pale kwenye kiti chake siku zote saba akiuliza mbona hampaki.

Mwaka huu ni wa nne. Mwezi wa kumi maji yaliposhuka nilienda kuitazama, nililala chini nikaipitishia mkono kuanzia omo mpaka tezi, ina mikwaruzo ya changarawe pale wanapoivutia na lengelenge hakuna hata moja.