Kuchuja orodha ya kontena za LXD: jina peke yake halitoshi

Mkuu uliyeuliza namna ya kuona kontena (mifumo ya Linux iliyotengwa ndani ya seva moja) zinazofanya kazi tu kwenye LXD, programu ya kuziendesha, bila kupekua orodha nzima, hilo ni jepesi:

`lxc list status=running`

Zilizozimwa ni `status=stopped`. Kama kwenye seva hiyohiyo una mashine pepe pia, ongeza `type=container`; ukiweka vichujio viwili, vinaonekana vile tu vinavyotimiza vyote viwili. Kwa aliyehamia Incus, iliyochipuka kutoka LXD mwaka 2023, andika `incus` badala ya `lxc`.

Ila kuna jambo naomba ulishike kabla hujaanza kuunganisha orodha na amri nyingine, maana mimi liliniumiza. Nilikuwa na kontena tatu za majaribio: `duka1`, `duka2` na `duka3`. Usiku mmoja nikataka kuzizima zote kwa mkupuo:

`lxc list duka -c n --format csv | xargs lxc stop`

Hapo `-c n` inaleta safu ya majina tu, na `csv` inaondoa mistari ya jedwali; `xargs` inayapokea majina hayo na kuyakabidhi kwa `lxc stop`. Kosa lilikuwa kwenye neno `duka`. Neno tupu namna hiyo huleta kila jina linaloanza nalo, na kwenye seva ileile kulikuwa na `duka-malipo` ya mteja. Ikazimika pamoja na nyingine. Simu iliita kabla sijafunga kompyuta.

Nilipaswa kuandika `lxc list '^duka[0-9]$'`, yaani `duka`, tarakimu moja, kisha mwisho wa jina; tena ndani ya alama za kunukuu ili sheli (programu inayopokea amri zako) isiichezee `^`, `[ ]` na `$`. Lakini hata hivyo bado unategemea jina, na majina tunayabuni kwa haraka. Siku hizi kila kontena naipa lebo siku ninapoiunda:

`lxc config set duka1 user.kazi=majaribio`

Kisha nachuja kwa `lxc list user.kazi=majaribio`. Funguo zinazoanza na `user.` ni zako, weka utakacho. Ukitaka lebo ionekane kwenye jedwali, tumia `-c ns4,user.kazi:KAZI`: utapata jina, hali, anwani ya IPv4 na safu yako mwenyewe. Mimi hii ndiyo naiangalia kila asubuhi.

Na kabla ya kuzima chochote, naendesha orodha peke yake kwanza, ikiwa na `-c n --format csv`, nasoma majina moja moja, ndipo nabonyeza mshale wa juu na kuongeza `| xargs lxc stop`.