Maswali ya Wasomaji: Mchoro wa Vita wa Gettysburg

SWALI: Tunaishi Maryland, na likizo hii tunataka kuwapeleka watoto Gettysburg, Pennsylvania, wauone ule mchoro wa vita unaozunguka ukumbi mzima. Jirani anasema onyesho lenyewe ni robo saa tu. Je, tiketi ina thamani yake? Na tujipange vipi?

JIBU: Jirani hajakosea, ila robo saa inatosha kwa anayejua anachokitafuta. Tiketi ni moja kwa filamu, mchoro na makumbusho, na ina saa yake. Filamu hutangulia, kisha kundi zima hupanda jukwaa la watazamaji lililo katikati ya mchoro, kwa hiyo fikeni mapema. Uwanja wa vita wenyewe hauna kiingilio.

Mchoro aliuchora Mfaransa Paul Philippoteaux na wasaidizi wake. Nakala hii ilifunguliwa Boston mwaka 1884. Mzunguko wake ni kama mita 115 na kimo mita 13. Ni alasiri ya 3 Julai 1863, katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani: watu wa Kusini wanashambulia, nawe umesimama katikati ya jeshi la Kaskazini.

Turubai haikubandikwa ukutani. Imening'inizwa juu na kuvutwa na uzito chini, hivyo katikati inabinuka kumwelekea mtazamaji. Kabla ya ukarabati uliokamilika 2008 umbo hilo lilikuwa limepotea, na sehemu ya juu ya anga ilishakatwa. Sasa ukingo wa juu umefichwa na paa lililo juu ya jukwaa, na wa chini umefichwa na udongo, mawe na uzio wa kweli. Jicho lisipouona ukingo, halijui mchoro unaanzia wapi.

Wengi huganda pale walipoingilia, wakifuata mwanga na sauti. Zungukeni jukwaa, na taa zikiwaka mwishoni msikimbilie kutoka. Kuna giza na mizinga inanguruma, kwa hiyo mdogo mshikeni mkono.

Wapeni watoto kazi: wamtafute ofisa aliyeegemea mti, ambaye ni mchoraji mwenyewe. Kisha Jenerali Armistead wa Kusini, aliyechorwa akianguka kutoka kwenye farasi, ilhali siku ile alikuwa kwa miguu, kofia ikiwa kwenye ncha ya upanga. Hata marundo ya nyasi yana sura ya Ufaransa kuliko Pennsylvania.

Mkitoka, nendeni uwanjani kwenye ukuta wa mawe uitwao the Angle, ambapo shambulio hilo lilifika. Uwanja walioukatiza washambuliaji, karibu kilomita moja na nusu, uko magharibi, kwa hiyo jioni jua litawapiga usoni. Kateni tiketi ya asubuhi.