Kwa nini ndege huruka kukabili upepo?

SWALI: Hapa Tanga naona ndege ndogo ikielekea upande mmoja majira ya kusi, na wakati wa kaskazi ikigeuza. Kwa nini? – Msomaji, Chumbageni

JIBU: Nahodha wa jahazi huomba upepo wa nyuma; rubani huutaka usoni. Bawa hubebwa na mwendo wa hewa inayolipitia, si mwendo wa magurudumu. Tuseme ndege inahitaji kilomita 110 kwa saa ili inyanyuke. Ikikabili upepo wa 30, magurudumu yanatosha kufika 80. Upepo huohuo ukiwa nyuma, lazima yafike 140, na umbali wa kukimbia unakuwa karibu mara tatu. Hapo ndipo ndege huishiwa barabara.

Ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, walilijua hilo tangu tarehe 17 Desemba 1903. Ndege yao ilikabili upepo uliozidi kilomita 40 kwa saa, ikaenda mita 36 kwa sekunde 12.

Tazama soksi ya upepo uwanjani, ule mfuko mrefu wa kitambaa juu ya mlingoti: mdomo mpana huelekea upepo unakotoka. Ikinyooka kabisa, upepo umefika takriban kilomita 28 kwa saa. Ikilegea, upepo ni mdogo.