Kumsamehe Desemba sawa, kumrudia subiri kwanza

Dada, nimesoma uzi wako mara mbili. Wewe na huyo mpenzi wako wa zamani mmekua wote Rombo, mkapendana mlipomaliza kidato cha nne, akaenda Mwanza akakata mawasiliano, na Desemba hii mmekutana kwenye kipaimara cha mtoto wa kaka yako. Sasa anataka mrudiane, na jibu analitaka kabla hajapanda basi. Wengi hapo juu wamekwambia ukimbie, wengine wameshaanza kuulizia kadi za mchango. Mimi yalinikuta Marangu, kwa hiyo nivumilie nikiandika kirefu.

Wangu alikuwa jirani wa kihamba, yaani shamba la migomba la familia. Kati ya kwao na kwetu palikuwa na mstari wa masale na mfereji. Tulikata majani ya ng'ombe pamoja, tulitumwa ulezi wa mbege, pombe yetu ya ndizi, pamoja, tukachapwa pamoja kwa kuchezea maji siku ambayo zamu ilikuwa ya watu wengine. Mapenzi yalianza tukisubiri matokeo ya kidato cha sita. Yeye akapata chuo Mbeya, mimi Dar. Mwaka wa pili simu zikapungua, kisha nikasikia mtaani kwamba ana mtoto. Mtoto hakuniuma. Kilichoniuma ni kwamba aliyeniambia hakuwa yeye.

Miaka ikapita, kila mtu na maisha yake, mpaka Desemba moja wote tukapanda mlima, yaani tukarudi nyumbani Kilimanjaro.

Kwa ambao si wa huko: mwisho wa mwaka Wachagga wanarudi nyumbani kutoka kila kona. Tiketi pale stendi ya Mbezi zinagombaniwa, treni ya Moshi iliporejeshwa Desemba 2019 nayo ikajaa, njia panda ya Himo magari hayasogei. Nyumba zilizofungwa tangu Januari zinafunguliwa madirisha. Leo harusi, kesho ubarikio, keshokutwa kikao cha ukoo. Migomba imenawiri, mtori upo asubuhi, kila mtu ana hela mfukoni na hakuna anayewahi kazini. Katika mazingira hayo, dada yangu, hata mimi naonekana mtu mpole.

Baada ya Krismasi akaja nyumbani na mjomba wake, mkononi ana jani la sale. Wewe wa Rombo huhitaji kuelezwa, ila wengine wajue: sale ndilo linaloonyesha mpaka wa kihamba, na ndilo analolibeba mtu aliyekosea akienda kuomba radhi. Ukiletewa, hukatai. Mama alitoa machozi. Baba akaagiza mbege. Shangazi akaanza kuhesabu miezi. Nikalipokea, na kwa moyo mweupe kabisa. Hadi jioni kijiji kizima kilikuwa kinajua "tumerudiana", na mimi neno hilo sikuwa nimelitamka.

Hapo ndipo nakuomba utulie. Sale linadai msamaha. Halidai kitanda wala pete. Kesho yake tukishuka kwa miguu kwenda Marangu Mtoni nikamwambia hivyo hivyo: nimekusamehe, hilo limeisha, lakini la kurudiana nitakujibu Pasaka. Alinuna. Mjomba wake, nasikia, alinuna zaidi.

Kwa nini Pasaka? Kwa sababu katikati kuna Januari. Desemba umemwona akiwa na nyama choma na shati jipya. Hujamwona ada ya shule ikidaiwa wiki ile ile mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Sisi bahati nzuri wote tulikuwa Dar, yeye Mbagala, mimi Kimara, na anayeujua mji anajua hapo hakuna kupitia tu kusalimia. Aliyekuja alikuwa amekusudia kuja. Nikamwona akichoka, akichelewa, akiishiwa. Nikamwona anamlipia binti yake ada kwanza, yeye anabaki anaomba salio kwa watu. Kwangu hilo lilikuwa na uzito kuliko jani.

Niliona na nisilolipenda. Akiudhika ananyamaza siku kadhaa, kimya kile kile cha Mbeya. Februari tuligombana vibaya kwa ajili hiyo. Tofauti ni kwamba safari hii alinitafuta mwenyewe, akaniambia kilichomuudhi, hakusubiri mjomba. Kama asingenitafuta, jibu langu la Pasaka lingekuwa jingine, na sale tungebaki nalo la ujirani mwema.

Halafu kuna hili la "tumejuana tangu utoto" ambalo naona umeliandika kama sifa. Ni sifa, sikatai, ila lina hila yake. Mtu mgeni ungemuuliza ana watoto wangapi, anadaiwa na nani, amepima lini. Huyu unaona aibu kumuuliza kwa sababu unajua anaogopa mbwa na unakumbuka alivyolia alipong'oka jino. Mimi nilikuwa namjua yule mvulana wa mferejini. Mwanaume aliyeishi Mbeya miaka yote ile sikuwa nimekutana naye. Kwa hiyo niliuliza yote. Tulienda kupima wote wawili. Niliomba kuongea na mama wa mtoto, tukaongea kwa simu. Hatukuwa marafiki na hatujawa, lakini nilijua hakuna mlango ulioachwa wazi.

Pasaka nilikubali. Ndoa ilifuata, kanisani kwetu, na ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, ilikatwa. Siku hizi tunagombania nani alale upande wa feni.

Sasa wewe. Huyo wa Mwanza mwache apande basi lake bila jibu. Akikwambia "sasa hivi au basi", ameshakujibu. Endeleeni kuongea kwa simu, na Februari au Machi nenda Mwanza, fikia kwa ndugu yako, si kwake. Mwone anaporudi kazini saa moja usiku. Muulize moja kwa moja kwa nini alikata mawasiliano, na usikubali "ulikuwa utoto", kwa sababu utoto huo huo ndio anaoutumia leo kukubembeleza.

La mwisho, ambalo sijaona mtu akiliuliza hapa: umesema nyumba zenu zinapakana. Vihamba vyetu baba humrithisha mwanawe wa kiume, kwa hiyo mara nyingi majirani ni ukoo mmoja hata kama majina ya shule hayafanani. Sisi tulipona kwa sababu babu yake hakuwa wa ukoo wetu, na bado wazee walikagua na upande wa mama kabla ya kusema neno. Mpigie shangazi yako leo umuulize, kabla hujajibu hata meseji moja.