Titi lote au uvimbe tu?

Dada, umeuliza kama mama yako akatwe titi lote au atolewe uvimbe tu. Kama saratani yake ya titi iko hatua za mwanzo, kutoa uvimbe tu kisha kupigwa mionzi hakupunguzi miaka ya kuishi ukilinganisha na kukata titi lote. Tafiti za Marekani na Italia zilizofuatilia wanawake miaka 20 zilionyesha hivyo mwaka 2002. Ila mionzi ni karibu kila siku, wiki kadhaa. Mkipangiwa Ocean Road, hospitali ya saratani iliyoko Dar, na nyie mko Kigoma, atafikia kwa nani huko? Mwulizeni daktari hilo pia, msione aibu.

Halafu samahani, umesema mmeshakaa kikao kuhusu hili wewe, kaka zako na baba mdogo. Mama mwenyewe kasemaje? Fomu ya upasuaji anasaini yeye.