Kwa vijana wa fildi mnaoshika bunduki ya joto

Wadogo zangu, nawapenda ila mnanichosha. Juzi hapa Misungwi nimekuta watu wanapiga bunduki, hiki kipimajoto cha kusoma joto la majani kwa mbali, kwenye ploti za mtama saa mbili asubuhi, umande umejaa majanini, wanaandika namba kwa bidii kabisa, eti mazoezi kabla ya kwenda kwenye ngano Hanang. Jamani.

1. Muda. Saa tano mpaka saa nane mchana, anga wazi, majani makavu, kivuli chako kisiangukie ploti. Upepo wa ziwa ukianza, funga daftari. Halafu hewa ya huku ina unyevu, mmea haupoi sana hata stomata, vile vitundu vya majani vinavyotoa mvuke, zikiwa wazi, kwa hiyo tofauti za laini, yaani mbegu tunazozijaribu, mtaziona ndogo. Hewa kavu ndiyo inayozitoa.

2. Udongo. Luseni, huu udongo wa kichanga, ikipigwa na jua la saa saba inaunguza mguu, sasa ploti yenye mapengo ukiipiga kwa juu umesoma mchanga. Inamisha bunduki, lenga majani tu.

3. Tarehe ya masuke. Hapa ndipo nilipoungua. Kule Hanang nilikuwa na laini fulani, kila nikipima ziko baridi kuliko cheki, ile mbegu ya kulinganishia, nikampelekea bosi kwa mbwembwe, mizizi hiyo imefuata maji chini! Nikamtolea na habari ya Mexico, zile ngano fupi nane za bonde la Yaqui zilizotolewa kati ya 1962 na 1988, mavuno yalipanda asilimia 27, stomata zikawa zinapitisha zaidi kwa asilimia 63, kanopi, yaani majani ya juu kwa ujumla, ikapoa nyuzi 0.6. Kweli tupu, ila zile zilimwagiliwa, na zangu zilikuwa zimechelewa tu. Wenzao wanajaza punje, masuke yako juu yanachomwa na jua, majani yameanza kukauka, zangu bado kijani kibichi, ziache kuwa baridi kwa nini? Mvua ikakata. Kuvuna, punje nyembamba kama bizari. Bosi hakusema kitu, alinisogezea tu fomu ya mavuno nijaze kwa mkono wangu. Na tarehe za masuke zilikuwepo kwenye daftari langu hilohilo, safu ya tatu. Siku hizi nalinganisha zilizotoa masuke karibu siku moja, na urefu pia naangalia, maana ndefu mara nyingi husoma baridi.

4. Repu ya kwanza, yaani seti ya kwanza ya ploti, saa tano, ya pili saa nane, halafu unalinganisha laini hivihivi? Hapana. Rudia cheki kila baada ya ploti chache, na rudi siku nyingine.

5. Bunduki ikitoka kwenye gari lenye AC iache kwanza kivulini izoee hewa. Na yule aliyeiacha kwenye dashbodi jana, nakujua, kesho maji ya kunywa ya timu nzima unabeba wewe.