Nisubiri Atembee Kwanza?

SWALI: Mwanangu ana miaka sita, ana mtindio wa ubongo na uelewa wake ni mdogo. Hakai bila kuegemezwa, namlisha na kumvisha, bado anavaa nepi. Mama anayemkanda kwa mafuta anasema atatembea karibuni, mengine yatafuata yenyewe. Nisubiri? – Mama, Morogoro

JIBU: Usisubiri, mama. Anza na mlo wa leo jioni.

“Atatembea lini?” ndilo swali ninaloulizwa kliniki kuliko jingine lolote, hata na mzazi ambaye mtoto wake hana njia ya kuonyesha kuwa ana kiu. Nani aliwaambia kwamba kijiko kinasubiri miguu? Utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kuwa watoto wenye mtindio wa ubongo hufikia takriban asilimia 90 ya uwezo wa mwendo watakaoupata maishani wakiwa na miaka mitano hivi, na wenye hali nzito hufikia kikomo chao mapema zaidi. Anayekuahidi kwamba mtoto wa miaka sita asiyekaa mwenyewe atatembea karibuni, ama hajui kazi, ama anaijua biashara yake.

Mkalishe wima, nyayo zikanyage kitu, kidevu kiinamishwe kidogo. Akilishwa amelala, uji huweza kuingia mapafuni ukamletea nimonia. Mshikishe kijiko, mkono wako juu ya wake, mpelekee hadi karibu na mdomo, kisha mwachie amalizie mwenyewe. Akishazoea, mwachie mapema zaidi. Mtoto mwenye uelewa mdogo hunufaika na kuanzia mwishoni hivi, maana matokeo anayapata papo hapo: chakula kimeingia kinywani. Mpini ukiwa mwembamba, uviringishie kitambaa. Bibi na dada wa kazi nao wafuate utaratibu huohuo, kwa maneno yaleyale. Atajichafua, na mlo utachukua muda, mvumilieni.

Nguo: mkono uliokakamaa zaidi huvishwa kwanza, huvuliwa mwisho. Choo: mkalishe kwenye poti lenye egemeo kila baada ya mlo, hata kama hakitoki kitu.

Kumpapasa mtoto kwa mafuta akatulia, sina ugomvi nako. Ugomvi wangu ni na wanaonyoosha magoti kwa nguvu mtoto akipiga kelele, eti mishipa inafunguka. Mifupa ya mtoto asiyesimama huwa dhaifu, na huweza kuvunjika mikononi mwa mtu kama huyo. Wengine wanauza matone ya “kuamsha ubongo” kwenye simu, wengine wanamfukia mtoto kwenye mchanga hadi kiunoni. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachorudisha sehemu ya ubongo iliyoumia.

Kibaya kuliko vyote ni kumwambia mzazi aache dawa za kifafa kwa kuwa “zinampumbaza mtoto”. Watoto wengi wenye mtindio wa ubongo wana kifafa pia, na dawa ikikatishwa ghafla degedege huweza kurudi kwa nguvu. Likizidi dakika tano, kimbilia hospitali. Dozi inamlegeza? Mrudishe kwa daktari aliyeiandika.